Kumpenda Asiyekuwepo



Mtoto mchanga akifariki hapa Kibombo, kilio chake hakichukui muda mrefu. Alfajiri wazee wa msikiti wanaitwa, maji yanapashwa moto, sanda inakatwa kipande kidogo tu, na kabla jua halijawa kali watu wameshatoka makaburini. Wanaume wanakaa kidogo chini ya turubai, wanakunywa chai, wanaulizana kama treni ya Kindu imeonekana au bado iko Kongolo. Ikifika adhuhuri viti vya kuazima vimerudi kwa wenyewe. Mupunga unangoja shambani, na ndege hawana habari ya msiba wa mtu. Anayebaki ni mama wa mtoto. Amekaa juu ya mkeka, maziwa yamelowesha kitenge kifuani kwa kuwa hakuna tena wa kuyanyonya, na kando yake yuko mama mkubwa anayemwambia kwa upendo wote alio nao: "Nyamaza, binti yangu. Wewe ungali kijana, utazaa wengine."

Mama mkubwa hana ubaya. Ndivyo alivyoambiwa yeye pia siku yake ilipofika, akainuka, akashika jembe. Sisi wanaume nasi tuna neno letu: "Ni kazi ya Mungu." Tukishalisema tunatazama chini. Lakini naomba nikuulize taratibu, bila lawama yoyote: yule mtoto aliyeishi siku chache, mwezi ujao nani atakuwa bado anamkumbuka pamoja na mama yake? Na mama huyo, akitaka kulitaja jina la mwanawe mbele ya watu, ataanzia wapi?

Wiki hii nataka tukae na mtu aliyelijua jambo hili kwa kulipitia. Alizika watoto wake wakiwa wadogo, kisha akashika kalamu akawaandikia wazazi wengine waliozika. Jina lake Zainuddin bin Ali. Alizaliwa mwaka 1506 katika kijiji cha Jubaa, kwenye milima ya Jabal Amil, kusini mwa nchi ambayo leo ni Lebanoni. (Usiichanganye na Juba ya Sudani Kusini, hii ni Jubaa ya mashamba ya mizabibu.) Mashia Ithnaasheri wanamwita Shahidi wa Pili, kwa sababu kabla yake mwanazuoni mwingine wa milima hiyo hiyo, Muhammad bin Makki, aliuawa Dameski mwaka 1384, na huyo ndiye Shahidi wa Kwanza.

Najua kuna atakayeinua macho hapa. Shia? Sisi Waislamu wa Maniema tulipokea dini kutoka pwani, kwa Waungwana waliopanda na misafara hadi Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19. Walileta mpunga, walileta Kiswahili, walileta Kurani, na walileta pia biashara ya pembe na ya watu, jambo ambalo hatuwezi kulificha tukitaka kusema kweli. Tunasali kwa madhehebu ya Imamu Shafii kama walivyosali wao. Basi sikiliza habari hii. Mwishoni mwa mwaka 1535 kijana Zainuddin, akiwa hajatimiza miaka 30, alisafiri hadi Kairo, akaishi huko zaidi ya mwaka mmoja akisoma kwa masheikh wa Kisunni. Mmoja wao alikuwa Shihabuddin Ramli, bingwa wa fiqhi ya Kishafii, na kitabu alichosoma mbele yake kilikuwa Minhaj cha Imamu Nawawi. Ni Minhaj ile ile ambayo vizazi vya mashehe wa Lamu, Mombasa na Zanzibar wamekuwa wakiisomesha barazani na misikitini, na mwana wa Ramli, Shamsuddin, ndiye aliyeandika sharhe yake maarufu iitwayo Nihayat al-Muhtaj. Kwa hiyo mtu huyu wa mbali aliwahi kuketi kwenye mkeka ambao elimu yetu sisi imepitia. Sioni kwa nini tusimsikilize.

Na wewe jirani yetu Mkristo unayesoma tafakari hii pamoja nasi, kaa nasi pia. Katika nyumba nyingi za hapa kaka anakwenda msikitini na dada anakwenda misa, na mtoto akifariki wote wawili hukaa kwenye mkeka mmoja.

Maisha yake ya masomo nitayapita haraka, maana yangejaza wiki kadhaa. Baba yake ndiye aliyemfundisha kwanza, akafariki mwaka 1519, mwana akiwa na miaka 13 tu. Yatima huyo akahamia kijiji cha Mays kwa mume wa dada wa mama yake, akasoma kwake miaka mingi, akaoa binti yake. Alikwenda Karak Nuh, akaenda Dameski akasoma tiba na elimu ya nyota, akaenda Kairo, akahiji, akazuru Iraki na Yerusalemu. Mwaka 1545 alifika Istanbul, makao ya Sultani Suleiman, akaandika ndani ya siku 18 risala iliyogusa elimu kumi tofauti, na dola ya Uthmania ikampa kazi ya kufundisha katika madrasa ya Nuriyya mjini Baalbek. Huko Baalbek alifanya jambo ambalo hata leo wengi wetu lingetushinda. Alifundisha fiqhi ya madhehebu manne ya Kisunni pamoja na ya Kishia, na kila aliyemjia na swali alimjibu kwa madhehebu ya muulizaji mwenyewe.

Sasa njoo nyumbani kwake. Watoto wake wa kiume walikuwa wakifariki wadogo, mmoja baada ya mwingine. Hatuna picha ya nyumba hiyo, lakini tunajua kilichotoka ndani yake: mwaka 1547 alikamilisha kitabu kiitwacho Musakkin al-Fuad, kitabu cha kuutuliza moyo wa aliyefiwa na wapendwa na watoto. Kimepangwa kwa milango minne. Wa kwanza unahusu malipo ya mzazi aliyefiwa na mtoto. Wa pili ni subira. Wa tatu ni kuridhika na alilolikadiria Mungu. Na mlango wa nne, baada ya hayo yote, ni wa kulia.

Nauomba moyo wako usimame kidogo hapo kwenye mlango wa nne. Mtu mwingine angeuweka mlango wa machozi mwanzoni, kama udhaifu wa watu ambao bado hawajafika kwenye subira. Au asingeuweka kabisa. Huyu mzazi aliuweka mwisho, baada ya kuridhika, kama vile anajua kwamba mtu anaweza kuwa amekubali kabisa alilolifanya Mola wake na bado macho yakawa yanatiririka. Anatukumbusha kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimshika mikononi mwanawe Ibrahim akiwa anakata roho, naye Ibrahim hakuwa ametimiza hata miaka miwili, na machozi yakamtoka mbele ya masahaba. Mmoja wao alistaajabu: hata wewe, ewe Mtume? Jibu alilopewa ni kwamba machozi yale ni rehema. Nabii Yakub naye alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na Kurani haimtaji kwa aibu.

Kitu ambacho kitabu kinakataza ni kumshitaki Mungu, kujipiga na kujirarua, na maneno ambayo mtu akishayatoa hawezi kuyameza tena. Kulia hakumo katika orodha hiyo. Je, unaona tofauti ilivyo nyembamba, na ilivyo ya rehema? Mama aliye kwenye mkeka hakatazwi chozi hata moja. Anashikwa mkono tu ili asianguke upande wa pili.

Mlango wa kwanza una habari nyingine ambayo wengi wenu mmeisikia katika mawaidha: kwamba mtoto aliyetangulia husimama kwenye mlango wa Pepo akikataa kuingia mpaka wazazi wake waje. Ni habari tamu sana. Ila nina maoni yangu juu ya saa ya kuitoa. Nimeona tukiitoa asubuhi ile ile ya maziko, haraka haraka, na mara nyingine nahisi tunaitoa ili mama anyamaze na sisi tupate kupumua. Mwandishi wetu aliandika baada ya kuzika si mara moja, na aliandika kurasa nyingi. Mfiwa akipewa neno hilo siku ya arobaini, au siku ile anapokutana njiani na mtoto wa rika la mwanawe, linaingia mahali pengine kabisa. Asubuhi ya kwanza inatosha kukaa naye, kumchotea maji na kumpikia sombe.

Mwaka huo huo wa 1547, miezi michache kabla, alikuwa amemaliza kitabu kingine, Munyat al-Murid, kuhusu adabu za mwalimu na mwanafunzi. Nimekuwa nikijiuliza vitabu hivi viwili viliwezaje kutoka kwenye meza moja, kalamu moja, mwaka mmoja. Kimoja kinamhusu mzazi anayelia, kingine kinahusu darasa. Kisha nikafika mahali anapoeleza kwamba mwalimu awe kwa wanafunzi wake kama mzazi, na kwamba mmoja wao akikosekana darasani, mwalimu aulize habari zake. Akiwa mgonjwa, akamtazame. Akiwa na shida, amsaidie kwa anachoweza. Akiwa safarini, aangalie watu wake wa nyumbani wanaendeleaje. Hapo nikaona uzi unaounganisha vitabu vile. Moyo wa mtu huyu ulikuwa umezoea kugeuka upande wa asiyekuwepo. Kwake mahali palipobaki wazi palikuwa na jina la mtu.

Fikiria darasa lolote la hapa Kibombo, iwe la Kurani au la shule ya msingi. Mtoto mmoja haji wiki nzima. Labda amepelekwa shambani kufukuza ndege. Labda karo imekosekana na ameona haya. Labda homa. Mara ngapi tunapita kwenye orodha ya majina, tunaweka alama, tunaendelea? Sisemi walimu wetu hawana upendo. Najua wengine wanafundisha miezi bila kupata chochote mkononi. Nasema tu kwamba kuna mtu aliyefundisha Baalbek kwa amri ya Sultani, aliyesoma tiba na nyota, na aliona ni sehemu ya elimu kuinuka na kwenda hadi mlango wa mtoto mmoja kuuliza hodi. Katika kitabu hicho hicho anamtaka pia mwalimu asione aibu kusema "sijui" anapoulizwa asichokijua. Nadhani mambo haya mawili yana asili moja. Anayejiona mkubwa mno kusema "sijui" atajiona mkubwa mno kwenda kubisha hodi.

Usidhani aliyaandika haya akiwa ameketi kwenye starehe. Waliomjua wameacha habari kwamba usiku alikuwa akibeba kuni kwa punda kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake, alfajiri akasali msikitini, kisha akakaa kufundisha siku nzima. Usiku mwingine alilinda shamba lake la mizabibu huku akidurusu masomo ya kesho. Hakuwa na mtu wa kumfanyia. Watu wa kijiji waliomwona na kuni zake gizani nadhani wengi hawakujua kwamba ndiye yule ambaye wanafunzi walitoka mbali kumsikiliza, na yeye hakuona haja ya kuwaambia.

Wewe unayesukuma kinga yenye madumu ya mawese kwenda Kindu, ukilala njiani chini ya mti na kuamka kwa sala ya alfajiri. Wewe unayekesha kwenye ghala la mtu mwingine. Wewe mama unayeamka kabla ya jogoo kutwanga mupunga ili mtoto aende masomo akiwa ameshiba. Je, umewahi kufikiri kwamba saa hizo, ambazo hakuna anayeziona wala kuzihesabu, Mungu anazijua kama alivyozijua zile kuni za usiku? Mara nyingi tunangoja siku kubwa ndiyo tumtumikie Mola wetu: siku ya Idi, siku ya safari ya Makka, siku ya kupata pesa. Zainuddin alihiji, naam. Lakini waliomkumbuka walikumbuka punda na kuni.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ni zito kidogo, na ninalisema kwa upole kwa sababu sote tumo ndani yake. Mwaka 1542, miaka mitano kabla ya vitabu vile viwili, aliandika kitabu kifupi juu ya kusengenya, Kashf al-Rayba. Anasema mwanzoni kwamba amewaona watu wa zama zake wakishika sala, wakifunga, wakijiepusha na ulevi na uzinzi, halafu saa zao zote za mazungumzo wanazimaliza kwa kumla nyama ndugu yao asiyekuwepo. Umeliona tena neno hilo? Asiyekuwepo. Yule aliyeinuka dakika hii kwenda kuchota maji, na kabla hajafika kisimani tayari tumeanza.

Kinachonivutia zaidi katika kitabu hicho ni pale anapofika kwa watu wa dini, kwangu mimi na wewe tunaojiona waangalifu. Anasema kuna kusengenya kunakovaa nguo za huruma. Mtu anatajwa, na mmoja wetu anashusha pumzi: "Masikini, Mungu amsamehe, shetani amemchezea." Au anasema, "Tumshukuru Mungu ambaye hakututia katika mambo kama yale." Mdomo unaomba dua, na jina la mtu linaanguka chini mbele ya wote. Nani kati yetu hajakaa kwenye baraza kama hilo, baada ya sala ya alasiri, au kwenye benchi la stesheni tukingoja treni isiyokuja, au baada ya misa? Na anaongeza kwamba anayesikiliza kwa kupenda ni mshirika, hata kama hakutamka neno. Ukishangaa kwa sauti, "Ah! Kweli fulani amefanya hivyo?", tayari umemchochea msemaji aendelee.

Basi mtu afanye nini akishajikuta amesengenya? Hapa anaonyesha moyo wa mchungaji. Kuna mapokeo yanayotaka uende kwa uliyemsema umwombe radhi. Kuna mapokeo mengine yanayosema inatosha umwombee msamaha kwa Mungu. Yeye anayakutanisha hivi: ikiwa maneno yako yameshamfikia mwenyewe, nenda kwake, mnyenyekee mpaka moyo wake utulie. Ikiwa hayajamfikia, basi mwombee kwa Mungu, umsifu kwa wema wake, na usiende kumwamshia kidonda ambacho hakuwa nacho. Ona hapo jinsi alivyojali. Hata katika toba yako anamfikiria yule mwingine kwanza. Wapo watu wanaokwenda kuungama kwa jirani ili wao wenyewe wapate wepesi, wakamwacha jirani na mzigo ambao jana hakuwa nao. Toba ya aina hiyo bado inajipenda.

Mpendwa, mtu aliyeandika kitabu hicho aliuawa kwa sababu ya ulimi wa mtu.

Sheikh Hurr al-Amili, naye mwana wa milima hiyo hiyo aliyefariki mwaka 1693, ameandika kisa alichokipokea kwa wakubwa wake. Watu wawili waligombana wakaja kwa Zainuddin awaamue. Akaamua kwa haki kadiri alivyoona. Aliyeshindwa akaondoka na hasira, akaenda kwa kadhi wa mji wa Saida, akamsema shehe wa kijijini. Siku hizo shehe alikuwa katika shamba lake la mizabibu, akiandika sharhe ya kitabu cha Shahidi wa Kwanza. Kadhi akatuma watu kumtafuta, na mambo yakawa makubwa kuliko yule mgomvi mwenyewe alivyoweza kuyazuia. Zama zile Waturuki wa Uthmania na wafalme wa Kishia wa Uajemi walikuwa maadui, na mwanazuoni wa Kishia aliyeshitakiwa hakuwa na mahali pa kuegemea. Alikamatwa katika safari yake ya Makka, akachukuliwa kuelekea Istanbul, na mwaka 1558 akauawa. Dola ile ile iliyompa madrasa ndiyo iliyomuua.

Namfikiria sana yule mtu aliyekwenda Saida. Historia haikuhifadhi jina lake, na afadhali. Huenda alikuwa mtu wa kawaida kama mimi na wewe, mwenye mpaka wa shamba au deni lililomuuma. Huenda hasira yake ilikuwa ya usiku mmoja. Kama angelala nayo, akaamka, akanywa maji, je, asingeghairi? Sijui kama moyo wako una neno la namna hiyo sasa hivi, neno ulilokusudia kwenda kumwambia chifu, au polisi, au mkubwa wa mtu fulani kazini, neno ambalo nusu yake ni kweli na nusu yake ni uchungu. Ikiwa unalo, nakuomba kitu kimoja: lala nalo. Lipe usiku mmoja zaidi. Aliyekukosea bado ni ndugu, na mlango wa kumsamehe hautafungwa kesho.

Kuna jambo la mwisho ambalo limenifariji katika habari za nyumba hii. Baada ya watoto wote wale waliozikwa, miaka mitano baada ya Musakkin al-Fuad, mwaka 1552, alizaliwa mvulana wakamwita Hasan. Huyu aliishi. Baba alipouawa, Hasan alikuwa na miaka sita hivi. Alilelewa, akasoma, na mwenzake katika safari nzima ya elimu alikuwa mpwa wake, Muhammad bin Ali, mtoto wa dada yake. Walikwenda pamoja Najaf kwa mwanazuoni maarufu Ardabili, wakarudi pamoja Jabal Amil. Imesimuliwa kwamba hawakushindania kamwe nafasi ya mbele: aliyetangulia kufika msikitini alisalisha, na mwingine akasimama nyuma yake. Vijana wawili wa nyumba iliyobeba msiba kama ule, na hakuna aliyekua na kisasi kama kazi ya maisha yake. Hasan aliandika kitabu kiitwacho Maalim al-Din, ambacho utangulizi wake ulisomeshwa katika vyuo vya Kishia kwa karne nyingi, na alifariki kijijini kwao Jubaa mwaka 1602.

Sisemi Hasan alikuja kuziba pengo la waliotangulia. Hilo ndilo neno la mama mkubwa pale mwanzo, "utazaa wengine", na nadhani baba yake asingelikubali. Mtu haandiki kitabu kizima kwa ajili ya watoto waliozikwa ikiwa anaamini kwamba mtoto mmoja anaweza kuchukua nafasi ya mwingine. Hasan alipendwa kama Hasan. Waliozikwa walibaki watoto wake, kila mmoja kwa jina lake.

Basi wiki hii, mpendwa, nakupa kazi ndogo. Katika kartie yako yupo mama aliyezika mwaka huu, na watu wameshaacha kumwuliza. Nenda kwake, siku ya kawaida, si siku ya kilio. Usipeleke mawaidha. Mwulize mtoto wake aliitwa nani, kisha mwache aseme. Ukirudi, pita kwa yule mwanafunzi au yule ndugu wa safu ya nyuma ambaye hajaonekana siku nyingi, ubishe hodi. Na njiani, ukikuta watu wamekaa wakimsema asiyekuwepo, taja jema lake moja unalolijua, kisha uwaage.